Ukiwa wa Mji, Ukiwa wa Moyo: Mizani ya Mahaba na Kisa katika Hadithi za Dunia Iliyoangamia

Kiswahili kina neno ambalo, nionavyo mimi, limekwisha kujibu nusu ya swali linalowasumbua watunzi wa hadithi za maangamizi. Neno hilo ni ukiwa. Mji uliohamwa na watu wake, milango ikabaki wazi na visima vikajaa mchanga, twasema umeingia ukiwa. Mtu aliyefiwa na awapendao akabaki peke yake, twamwita mkiwa, na hali aliyomo nayo ni ukiwa. Lugha haikutafuta maneno mawili, moja la nyumba na jingine la moyo. Wahenga waliiona hali moja wakaipa jina moja.

Swali lenyewe ni hili: katika hadithi inayosimulia dunia baada ya kuangamia, mahaba yapewe nafasi gani mbele ya kisa? Wapo wasemao kwamba mahaba ni anasa. Mtu anayetafuta maji ya kunywa na pa kulala hana wakati wa kushikwa na mapenzi, na mtunzi anayemlazimisha amependa anampotezea msomaji muda. Wapo pia wasemao kinyume chake: pasipo mahaba hakuna sababu ya kumfuata mhusika kutoka gofu moja hadi jingine, kwa kuwa hata panya hutafuta chakula na wala hatumsomi. Kila upande una sehemu ya haki. Mahaba yakizidi, maangamizi hugeuka pazia lililotundikwa nyuma ya wapenzi wawili. Kisa kikizidi, wahusika hugeuka miguu ya kukimbilia tu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja la lugha. Wengi huziita hadithi hizi "hadithi za baada ya kiyama". Mimi nimeliepuka jina hilo. Kiyama, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusimama kwa wafu mbele ya Mola, na baada yake habaki mtu duniani wa kusimulia wala wa kusimuliwa. Hadithi ninazozizungumzia zina mtu aliyebaki, naye yu hai, ana njaa, na anakumbuka. Kwa hiyo nitaziita hadithi za ukiwa.

Washairi wa mahame

Swali la kupima mahaba na safari juu ya magofu ni kongwe kuliko riwaya. Katika karne ya 6, washairi wa Kiarabu kama Imru'ul-Qais walizianza kasida zao mahali palipohamwa. Hapa msomaji asiichanganye kasida hiyo na kaswida tunazoimba katika maulidi; hiyo ilikuwa utungo mrefu wa jangwani, wenye kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Mshairi husimama penye mabaki ya kambi: mawe ya jiko yaliyopigwa na moshi, mfereji uliochimbwa kuzunguka hema, samadi ya wanyama iliyokauka. Hapo ndipo alipoishi mpenziwe, na kabila lake limekwisha kuhama. Mshairi hulia, huwakumbuka waliokuwapo, kisha hupanda ngamia na kwenda zake. Maombolezo ya mahaba hufuatwa na safari, na safari hufika kwenye kusudio la utungo, liwe ni sifa, fahari au lawama.

Miaka mia tatu baadaye, mwanachuoni Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliandika kitabu juu ya mashairi na washairi, na katika utangulizi wake akaueleza mpangilio huo. Alisema kwamba mshairi huanza na mahame ili apate njia ya kuwataja waliohama, na huingiza mahaba kwa sababu mapenzi yako karibu na nafsi za watu na huielekeza mioyo kwake. Akisha kusikilizwa, huyataja mashaka ya safari. Kisha Ibn Qutayba akatoa hukumu ambayo kila mtunzi wa leo angefaa kuibandika ukutani: mshairi hodari ni yule anayezifanyia uadilifu sehemu hizo, asiiache moja ikaitawala tungo nzima, asirefushe hata wasikilizaji wakachoka, wala asikate nafsi zikiwa bado zina kiu.

Hiyo ni mizani ya kweli. Lakini tazama kinachoifanya iwezekane. Mpenzi hakupachikwa juu ya mahame, kwani mahame ni mahame kwa sababu yeye hayupo. Mawe yale ya jiko ni mandhari na ni kumbukumbu kwa wakati mmoja. Sisi washairi twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Neno lililoletwa kwenye ubeti kwa ajili ya kina tu hujulikana mara moja, hata kama mizani imetimia. Neno zuri hubeba kina, mizani na maana pamoja, na ukiling'oa ubeti wote hubomoka. Mahaba katika hadithi ya ukiwa yapimwe vivyo hivyo. Wingi wa kurasa si hoja. Hoja ni kama yaking'olewa kisa kitabomoka.

Mjane aliyeizika dunia

Mfano mkubwa wa jambo hili katika riwaya ni The Last Man, yaani Mtu wa Mwisho, ya Mary Shelley, iliyotoka London mwaka 1826 katika juzuu tatu. Mary, aliyezaliwa mwaka 1797, anajulikana zaidi kwa Frankenstein ya mwaka 1818. Kufikia wakati wa kuiandika riwaya hii ya pili ya kutisha alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu na kubakiwa na mmoja. Mumewe, mshairi Percy Shelley, alizama baharini pwani ya Italia mwezi Julai 1822. Rafiki yao Byron, mshairi mwingine, alifariki Ugiriki mwezi Aprili 1824. Katika shajara yake ya Mei mwaka huohuo, siku moja kabla ya habari za Byron kumfikia, Mary aliandika kwamba sasa aliweza kuzieleza vema hisia za mtu wa mwisho, kwa kuwa alijiona ni masalia ya kundi la wapendwa lililokwisha kutoweka mbele yake. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Riwaya inaanza Uingereza katika mwaka 2073, pale mfalme anapokiacha kiti chake, na inaishia katika mwaka 2100. Msimulizi ni Lionel Verney. Juzuu ya kwanza nzima ni habari za mahaba. Adrian, mwana wa mfalme, anampenda Evadne, binti wa Kigiriki. Evadne anampenda Raymond. Raymond anamuoa Perdita, dada yake Verney. Verney naye anamuoa Idris, dada yake Adrian. Wasomaji wengi huchoka hapa, na sitawalaumu, kwa maana wameahidiwa tauni na wanapewa ndoa. Wakati ule wahakiki walikitendea kitabu hiki kwa ukali, na ilipita zaidi ya karne moja kabla ya toleo la mwaka 1965 kukirudisha mikononi mwa wasomi.

Hata hivyo, anayevumilia ataona kwamba mahaba yale ndiyo njia ambayo tauni inaingilia. Raymond, akiwa mtawala wa Uingereza, anamgundua Evadne katika ufukara, anamsaidia kwa siri, na siri hiyo inaivunja ndoa yake. Kwa aibu na kiburi anauacha utawala na kwenda Ugiriki kupigana na Waturuki. Ni vita hivyo vinavyomfikisha kwenye kuta za Konstantinopoli, mji uliokwisha kunyamazishwa na tauni. Kabla ya hapo, Verney anamkuta Evadne akikata roho katika uwanja wa vita, amevaa mavazi ya askari, na maneno yake ya mwisho yanamtabiria Raymond moto, vita na tauni kwa pamoja. Utabiri huo ni laana ya mwanamke aliyeachwa, na papo hapo ni habari za ugonjwa utakaoufuta ulimwengu. Jambo moja limebeba yote mawili.

Raymond anaingia peke yake katika mji mtupu na kufia humo. Perdita anakataa kuliacha kaburi lake, na anapopakiwa melini kwa hila ili arudishwe nyumbani, anajitosa baharini. Tauni inazidi kuenea. Idris, mke wa Verney, hauawi na ugonjwa. Anamalizwa na uchovu na hofu ya mama juu ya watoto wake, usiku wa theluji, wakiwa safarini. Mwishowe, wanapokuwa wamebaki watatu tu duniani, ni nini kinachowatia chomboni kuvuka kutoka Venice kwenda Ugiriki? Ni hamu ya Clara, binti wa Raymond na Perdita, ya kulizuru kaburi la wazazi wake. Dhoruba inawazamisha Clara na Adrian, na Verney anaogelea hadi nchi kavu akiwa binadamu wa mwisho.

Ninapofika hapo, husita. Mwandishi aliyempoteza mume baharini anaimaliza jamii ya wanadamu baharini, na sababu ya safari hiyo ni mapenzi kwa waliokwisha kufa. Angeweza kuiachia tauni kazi hiyo, lakini tauni imekwisha kukoma. Alijua kwamba ugonjwa unaweza kuuacha mji ukiwa, ila ukiwa wa mtu huletwa na kile alichokipenda.

Jambo la mwisho katika riwaya hiyo ni zawadi kwa wapenzi wa lugha. Verney, katika miji anayopita kuelekea Roma, anaandika kwa rangi na kwa lugha tatu kwamba yeye yuko Roma na anamsubiri rafiki yeyote aliyesalia. Washairi wa jangwani walizoea kuyafananisha mabaki ya kambi na maandishi yaliyofifia. Verney anayageuza magofu yawe ukurasa, akimwandikia mpenzi ambaye huenda hayupo. Hajui kama kuna msomaji, na bado anachagua lugha tatu, ili asimkose.

Sheria mpya na nafsi za wakati

Karne iliyofuata, waandishi walilichukua swali hili kwa namna mbili ambazo nazipenda kwa kuwa zinapingana.

Ya kwanza ni ya George R. Stewart, Mmarekani, katika Earth Abides ya mwaka 1949. Kijana Ish anateremka kutoka milimani California na kukuta maradhi yamewamaliza karibu watu wote. Stewart anayaahirisha mahaba. Kwanza anamzungusha Ish nchi nzima, akiangalia jinsi taa zinavyozimika na wanyama wanavyobadilika, na ndipo anapomkutanisha na mwanamke aitwaye Em. Kukutana kwao hakusimamishi kisa, kwani ndipo kinapoanza kuuliza swali lake kubwa: katika dunia ya zamani, kipi kimekufa na kipi kingali hai? Em anamdokezea Ish kwamba ana asili ya watu weusi. Msomaji wa wakati ule alijua uzito wa jambo hilo, maana ni mwezi Oktoba 1948 tu ambapo Mahakama Kuu ya California ilibatilisha sheria ya jimbo hilo iliyokataza ndoa kati ya wazungu na weusi. Ish anacheka. Miji imekwisha, na chuki hiyo haina tena mahali pa kusimama. Kwa kicheko kimoja penzi limetuonyesha ukubwa wa maangamizi kuliko orodha ya miji iliyokufa.

Stewart haishii kwenye wema wa mapenzi. Baadaye anafika mgeni, Charlie, mwenye maradhi, naye anamtamani Evie, msichana ambaye akili yake haikukamilika. Jamii ile ndogo haina mahakama wala jela. Wakubwa wanakaa, wanapiga kura, na hukumu yao ni kifo. Dola mpya inazaliwa usiku huo, na kilichoizaa ni swali la nani amguse nani. Kisha homa ya matumbo inaingia kambini na kumchukua Joey, mtoto ambaye Ish alimtumainia kuurithi usomaji wa vitabu. Tamaa, sheria, maradhi na msiba vimefungwa katika fundo moja.

Namna ya pili ni ya Nevil Shute katika On the Beach ya mwaka 1957. Vita vya nyuklia vimekwisha kuiua sehemu ya kaskazini ya dunia, na sumu yake inashuka polepole kuelekea Melbourne, Australia. Dwight Towers, nahodha wa manowari ya Kimarekani, ameacha mke na watoto wawili katika jimbo la Connecticut. Moira, msichana wa Melbourne, anampenda, naye anavutwa na Moira, lakini habadiliki. Anaendelea kumtaja mkewe kama mtu aliye hai, na kuwanunulia watoto wake zawadi za kuwapelekea atakaporudi nyumbani.

Hapa mahaba yamekaa katika sarufi. Sisi tuna "angali" na tuna "alikuwa", na kati ya maneno hayo mawili kuna kaburi. Dwight hakubali kulivuka. Moira anamwelewa, anamsaidia hata kutafuta zawadi ya binti yake, na penzi lake linakuwa kule kukubali kuzungumza naye kwa nafsi na nyakati anazozitaka yeye. Wakati huo manowari inatumwa kaskazini kuchunguza mawimbi ya redio yanayosikika kutoka karibu na Seattle. Wanakuta kwamba ni fremu ya dirisha na chupa vikisukumwa na upepo juu ya mtambo. Hakuna mtu. Safari ya manowari na penzi la nahodha vinasema neno lilelile: mtu anaisikiliza ishara kutoka nyumbani ambako hakuna anayeituma.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilitoka mwaka 1959, na ndani yake Dwight na Moira wanakuwa wapenzi kamili. Shute hakufurahi. Naona alikuwa na haki. Mtengenezaji aliongeza mahaba akidhani anamzidishia mtazamaji utamu, kumbe aliing'oa nguzo. Nahodha akikubali kwamba mkewe amekufa, kile kilichokuwa kikiifanya siku ya mwisho ingojewe kwa hofu kinapungua. Kile kilichoongezwa kwenye kitanga kimoja hakikuuzidishia mzani haki. Kiliuvunja.

Pate, na sisi

Pwani yetu nayo ina utungo wa ukiwa, na umri wake ni karibu sawa na riwaya ya Mary Shelley. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga Al-Inkishafi, akiyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa taa, vyombo na watu, yakabaki makao ya popo na wadudu. Utungo huo ni wa mawaidha, na lengo lake ni akhera, wala sitaugeuza kuwa riwaya ya mapenzi. Nataka tu msomaji atazame nani anazungumzishwa. Mshairi haliliki mpenzi aliyehama. Anauambia moyo wake mwenyewe, anausihi, anaukaripia, anaubembeleza, kama mtu amsihivyo mpenzi asiyesikia. Kisha anauliza wako wapi waliokuwapo.

Kwa hiyo Sayyid Abdallah alizipata sehemu zile za Ibn Qutayba akazipanga upya. Mahame yapo. Mahaba yapo, yamo katika kule kuuzungumzia moyo na katika huzuni juu ya waliokuwa wakicheka ndani ya kumbi zile. Safari nayo ipo, ila ni ya kwenda kaburini na ng'ambo yake. Ukiwa wa mji umetumiwa kuuonyesha moyo ukiwa wake wenyewe, na neno letu limetimia maana zake zote mbili.

Nasema haya kwa sababu naamini hadithi za ukiwa zitaandikwa zaidi kwa Kiswahili katika miaka ijayo. Tumeona janga la dunia nzima likifunga milango ya nyumba na ya misikiti na makanisa. Wengi walizika bila kuosha, bila kushika mkono wa mgonjwa, bila tanga. Atakayeyaandika hayo atakutana na vishawishi viwili. Kimoja kitamwambia aandike takwimu na mbio za kutafuta dawa, maana ndiyo yaliyotokea. Kingine kitamwambia aweke wapenzi wawili katikati ili wasomaji walie. Vyote viwili vitawadhulumu marehemu. Cha kwanza kitawafanya idadi, na cha pili kitawafanya pambo.

Ushauri wangu kwa mtunzi huyo ni mfupi. Usiulize utenge kurasa ngapi za mahaba na ngapi za kisa. Chukua kila tukio la mahaba uliloliandika, liondoe, kisha usome kinachobaki. Kama safari inaendelea vilevile, tukio hilo lilikuwa kina bila maana. Halafu chukua kila tukio la maangamizi ujiulize limemnyang'anya nani nini. Kama halimnyang'anyi mtu yeyote chochote anachokipenda, mji wako una magofu lakini bado haujaingia ukiwa.